Kuuguza kabla ya kuzika: kazi mpya kwa kikundi cha kufa na kuzikana

Karibu kila mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana. Kina daftari, mweka hazina, turubai, masufuria makubwa, na watu wanaojua la kufanya saa moja tu baada ya msiba kutangazwa. Lakini marehemu anayezikwa kwa heshima hiyo huenda alilala ndani miezi minne na saratani ya shingo ya kizazi, akiuguzwa na binti mmoja aliyeacha biashara yake, bila dawa ya maumivu inayotosha na bila mtu wa kumpokezana zamu ya usiku. Michango ilikuja alipokuwa haihitaji tena.

Mwongozo huu ni wa kuuchukua utaratibu uleule wa msiba na kuuanza mapema, mgonjwa akiwa hai. Mambo ya sheria na ofisi yameelezwa kwa Tanzania Bara. Ya mwili na maumivu ni yaleyale popote.

Huduma yenyewe hospitalini huitwa tiba shufaa. Inamhusu mtu mwenye ugonjwa mzito usiotarajiwa kupona: saratani iliyosambaa, moyo au figo zilizochoka, ini lililoharibika, kiharusi kilichomlaza kitandani, UKIMWI uliofika mbali. Haisubiri wiki ya mwisho. Inaweza kuanza siku ugonjwa unapogunduliwa na kwenda sambamba na mionzi, dawa za saratani au ARV. Uganda ilianza kuipeleka majumbani mwaka 1993 kupitia Hospice Africa Uganda ya Dkt. Anne Merriman; Nairobi Hospice ilifunguliwa 1990; hapa kwetu hospitali za Ocean Road jijini Dar es Salaam, Selian mkoani Arusha na Muheza mkoani Tanga ni majina yanayojulikana kwa huduma hii. Mfano ulioegemea majirani kuliko hospitali ni wa jimbo la Kerala, India, ambako watu wa kawaida walifundishwa, wakachangishana fedha kidogokidogo na kuwatembelea wagonjwa wa mtaa wao, wauguzi wakiwa nyuma yao. Mwaka 2008 serikali ya jimbo hilo ikaufanya sera.

Anzieni kwenye kikundi mlicho nacho

Msisajili kikundi kipya. Kikundi kipya kinahitaji katiba, viongozi na imani ya watu, na vyote hivyo huchukua mwaka. Cha kufa na kuzikana tayari kinavyo. Jumuiya ndogondogo, kamati ya msikiti au VICOBA vinafaa pia, kwa sharti moja: huduma imfikie mgonjwa wa mtaa bila kuulizwa anasali wapi. Kikundi kinachouguza wa kwake tu hupoteza heshima haraka, na wagonjwa maskini zaidi mara nyingi ndio wasio na kikundi chochote.

Katika kikao cha wanachama pitisheni mambo matatu na kuyaandika kwenye muhtasari. Kwanza, fungu la uuguzaji. Tuseme mko kaya 40 na kila kaya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo ni 80,000. Mkitenga robo, mna 20,000 kila mwezi za glavu, sabuni, nepi za watu wazima na nauli ya bodaboda ya kumleta muuguzi. Si nyingi, ila hizo ndizo gharama zinazoiumiza familia kila siku. Fungu hili liwe na daftari lake. Mkilichanganya na fedha za msiba, msiba wa kwanza utalimeza lote, na hapo ndipo mipango mingi ya namna hii hufia.

Pili, wahudumu. Kaya 40 zinatoshwa na watu wanane, wanawake na wanaume. Wanaume wasiachwe nje kwa kisingizio kwamba kuuguza ni kazi ya akina mama: mzee wa miaka 70 mwenye saratani ya tezi dume hatakubali kuoshwa na binti wa jirani, na kumgeuza mtu mzito kunataka mikono minne. Mhudumu mmoja asibebe zaidi ya wagonjwa wawili kwa wakati mmoja. Waende wawiliwawili, angalau mmoja awe wa jinsia ya mgonjwa.

Tatu, siri. Kila mhudumu aahidi mbele ya kikao kwamba anachokiona na kukisikia chumbani hakitoki. Majibu ya vipimo, hali ya VVU, ugomvi wa mali, kidonda kinachonuka: vyote ni vya mgonjwa. Na picha marufuku. Hata ile ya kuomba michango kwenye kundi la WhatsApp, mtu amelala mdomo wazi na shuka limeteleza, isipigwe. Anayetaka kuchanga ataambiwa kwa maneno.

Baada ya kikao nendeni zahanati na kwa mwenyekiti wa mtaa. Zahanati ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kupitia kwa mganga mfawidhi mtaulizia muuguzi au daktari aliyesomea tiba shufaa katika hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Mpate namba yake ya simu na siku ya kliniki yake, kisha mwombeni aje awafundishe. Siku mbili au tatu zinatosha kwa kuanzia: kunawa mikono na kuvaa glavu, kumgeuza mgonjwa, kuuliza maumivu, kusafisha kidonda, na orodha ya yale ambayo mhudumu haruhusiwi kabisa kuyafanya. Kikundi kisicho na muuguzi nyuma yake huishia kutoa pole na kusali. Si vibaya, lakini hakutulizi maumivu ya mifupa saa nane za usiku.

Namna ya kuingia nyumbani kwa watu

Msivamie. Mgonjwa au familia ndio waombe, au mjumbe wa mtaa aulize kwa niaba yenu kama mnaweza kuja. Mara ya kwanza nendeni wawili tu, salimieni, kaeni, msikilizeni mgonjwa mwenyewe kabla ya jamaa. Familia nyingi hujibu kwa niaba yake hata akiwa macho na akili timamu. Geukeni kwake: "Shikamoo mama. Leo nini kinakusumbua zaidi?" Jibu linaweza lisiwe ugonjwa hata kidogo. Ada ya shule ya mjukuu, deni la duka, aibu ya harufu, hofu ya kufa usiku peke yake: haya hupandisha maumivu kama vile kidonda kinavyoyapandisha.

Muulizeni pia anayeuguza. Kwa kawaida ni mwanamke mmoja, au msichana aliyeacha kwenda shule. Mpeni mapumziko yenye saa maalumu, tuseme Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, mhudumu akae na mgonjwa naye aende saluni, sokoni, kanisani, au alale tu. Ahadi ya "tutakuja siku moja" haimsaidii, kwa sababu hawezi kuipangia chochote. Kama ni msichana wa shule, hilo ndilo jambo la kwanza la kutatua kabla ya begi la vifaa.

Daftari dogo likae kitandani kwa mgonjwa. Kila anayefika aandike tarehe, maumivu, amekula nini, choo mara ya mwisho lini, ngozi ikoje, dawa zimebaki kiasi gani. Muuguzi akifika mara moja kwa mwezi, daftari hilo litampa picha ambayo familia iliyochoka haiwezi kuikumbuka.

Begi la kikundi

Liwe na glavu boksi moja, sabuni ya kipande, chumvi, mafuta mazito ya kupaka, pamba, bandeji na vitambaa vya pamba vilivyochemshwa na kukaushwa juani, nailoni au mpira wa kutandika chini ya shuka, nepi, beseni mbili (moja ya kuogeshea, moja ya haja, zisichanganywe), bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia dawa ya maji, na tochi. Kanga kuukuu ziombeni kwa kila kaya; hakuna kifaa kinachozishinda. Kanga iliyokunjwa mara mbili, ikatandikwa kutoka mabegani hadi mapajani, inawawezesha watu wawili kumgeuza mtu bila kumburuza. Ni kule kuburuza kunakochuna ngozi. Wekeni pia kanga mbili za rangi nyeusi au nyekundu iliyokoza, na sababu yake itaonekana mbele.

Godoro, kiti cha magurudumu na kiti cha choo ni mali za kuazimisha, kama turubai la msiba. Ziandikwe namba na zirudi.

Maumivu

Maumivu huulizwa kila mnapofika, hayakisiwi kwa kuangalia uso. Njia rahisi ni ya vidole: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Hata asiyejua kusoma au aliyeishiwa sauti anaweza kuonyesha. Andikeni namba, mahali, na kama yanachoma, yanakata au yanagonga, kwa sababu maumivu ya mishipa ya fahamu yanayochoma kama moto yana dawa zake tofauti. Vidole vitatu au zaidi kwa siku mbili mfululizo, pigeni simu kwa muuguzi. Msisubiri kliniki.

Dawa ya maumivu makali ni morfini ya maji ya kunywa. Huandikwa na daktari. Uganda, tangu 2004, hata wauguzi waliosomea huduma hii maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Kazi ya mhudumu ni kuhakikisha inanywewa sawasawa, na hapo ndipo mambo huharibika. Inafanya kazi kwa takriban saa nne, basi hutolewa kwa saa, siyo maumivu yakirudi. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mara nyingi daktari huagiza dozi ya saa 4 usiku iwe mara mbili ya zile nyingine ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku. Anayengoja mpaka alie ndipo apewe atakuwa kila siku anayakimbiza maumivu bila kuyafikia, na mwishowe familia itasema dawa haifanyi kazi.

Ipimwe kwa bomba la sindano, kwa mililita zilizoandikwa. Kijiko cha jikoni hakina kipimo. Vipo vijiko vya mililita tatu na vipo vya saba. Someni lebo kila chupa mpya inapokuja, kwa sababu nguvu hutofautiana. Kule Uganda rangi hutumika kuzitofautisha: ya kijani ina miligramu 5 kwa mililita 5, ya pinki ina 50 kwa mililita hizohizo, mara kumi zaidi. Aliyezoea "mililita tano" za chupa ya kwanza akimimina tano za ya pili atakuwa ametoa dozi ya hatari. Chupa ikae mbali na jua, mahali pa kufungwa, mbali na watoto, isiongezwe maji wala kugawiwa jirani mwenye maumivu ya mgongo.

Morfini hufunga choo kwa karibu kila anayeitumia, na mwili hauzoei. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile. Ikiwa daktari hakuiandika, mkumbusheni. Siku tatu bila choo ni sababu ya kupiga simu, kwa maana choo kilichokwama huleta kichefuchefu, tumbo kujaa na hata kuchanganyikiwa, na familia hudhani ni ugonjwa umepanda. Kichefuchefu na usingizi mzito vya siku mbili tatu za mwanzo hupungua vyenyewe. Lakini mgonjwa asiyeamshika vizuri, anayepumua polepole chini ya mara kumi kwa dakika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, huyo dozi inayofuata isitolewe na muuguzi apigiwe papo hapo. Mwenye figo mbovu hufika huko kwa dozi ndogo kuliko wengine.

Mtasikia kwamba hiyo ni "dawa ya kufia". Chanzo ni kwamba wengi waliipewa siku mbili kabla ya kufa, basi watu wakaunganisha. Anayeianza mapema hula, hulala, huongea na watoto, wengine hurudi shambani kwa muda. Aliyetumia kwa wiki kadhaa asikatishiwe ghafla. Daktari huipunguza taratibu.

Ngozi, vidonda, mdomo

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili mchana, na usiku kadiri familia inavyoweza: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Akiwa ubavuni asilazwe wima juu ya nyonga. Aegemezwe nyuma kidogo kwa mto. Mto mwingine ukae chini ya ndama za miguu ili visigino vielee hewani. Kila akigeuzwa kagueni kiuno chini, nyonga, visigino, mabega na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu. Tafuteni sehemu iliyokoza zaidi ya jirani yake, yenye joto, ngumu au laini kupita kawaida kwa kidole. Hapo pasilaliwe tena mpaka parudi, wala pasisuguliwe kwa mafuta: kusugua hupasua mishipa midogo iliyokwisha kuumia. Ringi za mpira za kukalia pia ziacheni. Zinabana damu pembeni mwa kidonda.

Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Bandeji iliyoganda iloweshwe mpaka ilegee, isivutwe. Kama kubadilisha kunauma sana, fanyeni nusu saa hadi saa moja baada ya dozi ya morfini. Spiriti, dettol isiyochanganywa, majivu, asali ya dukani iliyotiwa sukari na unga wa mitishamba visikaribie.

Harufu ya kidonda cha saratani hutokana na bakteria wasiohitaji hewa. Muuguzi akiruhusu, vidonge vya metronidazo, dawa inayoua bakteria hao, husagwa hadi kuwa unga laini na kunyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa, kisha kufunikwa. Mara nyingi harufu hupungua ndani ya siku chache, na nyumba huanza kupata wageni tena. Beseni la mkaa usiowashwa chini ya kitanda husaidia kufyonza harufu. Udi na manukato huifunika tu, na mgonjwa mwenye kichefuchefu hawezi kuyavumilia.

Mdomo husahauliwa na kila mtu. Usafishwe asubuhi, jioni na baada ya kula kwa mswaki laini au kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni, kwa maji ya chumvi kidogo. Utando mweupe unaoacha kidonda ukikwanguliwa ni fangasi, una dawa, na mara nyingi ndio uliomfanya aache kula huku watu wakisema amekata tamaa.

Kuhusu chakula: uji mwepesi, mtindi, supu, tunda lililopondwa, vijiko vichache kila saa mbili. Anayekaribia mwisho hali kwa sababu mwili umeacha kutumia chakula. Kumlazimisha humpalia.

Yasiyosubiri kesho

Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu ya mgongo ambaye ghafla miguu inalegea, inakufa ganzi, au anashindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo unabanwa, na akichelewa hatatembea tena. Homa kali kwa anayepata dawa za saratani ni vivyo hivyo. Degedege na kutapika kila kitu ni simu ya haraka.

Damu nyingi ya ghafla huwapata zaidi wenye saratani ya shingo ya kizazi na ya kichwa na shingo. Familia iambiwe mapema, kwa upole, na iamue na daktari kama atakimbizwa hospitali au atabaki nyumbani. Hapo ndipo kanga zile nyeusi au nyekundu zinapotumika: damu juu ya shuka jeupe humtisha mgonjwa na watoto kuliko ilivyo. Mtu mmoja akae naye amshike mkono, mwingine apige simu. Wote wakitoka mbio kutafuta gari, mgonjwa hubaki peke yake.

Mazungumzo ambayo kila mtu anayakwepa

Watu huogopa kwamba kuzungumzia kifo ni kumchuria mgonjwa. Kwa hiyo hakuna anayeuliza, na yeye, akiwaona mnavyokwepa, anawahurumia na kunyamaza. Anzeni na swali linalompa nafasi ya kukataa: "Mzee, wengine hupenda kujua kila kitu kuhusu ugonjwa wao, wengine hupenda jamaa ndio waambiwe. Wewe ungependa ipi?" Akisema hataki, imetosha, mtaje tu nani awe msemaji wake. Akitaka, chagueni asubuhi, baada ya dozi, maumivu yakiwa chini, chumba kisiwe na watu kumi. Mzungumzaji bora ni yule anayemheshimu, awe shangazi, mjomba, sheikh, padri au rafiki wa ujana. Si lazima awe mhudumu, na mara nyingi asiwe.

Mambo ya kujua ni haya, na hayahitaji kukamilika siku moja. Akizidiwa usiku, apelekwe hospitali au auguzwe nyumbani? Nani aamue akishindwa kusema? Azikwe wapi, hapa au kijijini? Swali hilo peke yake huepusha deni kubwa: watoto husafirisha maiti kilomita 900 kwa kudhani ndivyo baba alivyotaka. Watoto wadogo walelewe na nani, na huyo aliyetajwa ameulizwa? Kuna mtu angependa kumwona au kupatana naye? Anadaiwa na nani, anamdai nani?

Watoto wa nyumbani waambiwe ukweli kwa kiasi chao. Wanaoambiwa "bibi amelala" huogopa kulala.

Karatasi

Zikusanywe kwenye bahasha moja: kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya kiwanja au leseni ya makazi au hati ya hakimiliki ya kimila au walau mkataba wa mauziano, kadi za benki na bima, namba za mifuko ya pensheni ya NSSF au PSSSF, orodha ya laini za simu zenye fedha. Namba za siri zisiandikwe wala wahudumu wasizijue. Pesa ikipotea, mtashukiwa ninyi.

Wosia uandikwe akiwa na akili timamu, kwa kalamu ya wino, wenye tarehe na sahihi au dole gumba. Chini ya sheria za kimila zilizotangazwa 1963, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma, mashahidi wanne. Wosia wa mdomo pia ni wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mke au wake waliopo nyumbani washuhudie pia. Anayerithi asiwe shahidi. Kwa Mwislamu, wasia hauvuki theluthi moja ya mali wala hautolewi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Sehemu iliyobaki ina mafungu yake. Tafuteni msaidizi wa kisheria wa kata asome kabla ya sahihi. Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), kwa kiongozi wa dini au benki, na watu wawili wajue uko wapi. Wosia uliofichwa chini ya godoro huibuka ukiwa umechanika, au hauibuki kabisa.

Wahudumu wasiwe mashahidi ikiwa wanapokea chochote nyumbani humo, na wasikubali kuachiwa hata kuku.

Siku za mwisho

Mgonjwa hulala sehemu kubwa ya siku, hunywa matone tu, mkojo hupungua na kukoza, mikono na miguu hupoa, ngozi hubadilika madoamadoa, pumzi huja kwa mafungu na kusimama kidogo katikati. Wengine hutoa mkoromo wa mate kooni. Unawasumbua zaidi wasikilizaji kuliko yeye. Mlazeni ubavu, kichwa kikiinuka kidogo, mate yatoke yenyewe.

Hapa ndipo jamaa waliotoka mbali hufika na kudai dripu. Waelezwe kwamba mwili umeacha kuyatumia maji, na yakiingizwa kwa nguvu huishia miguuni, mapafuni na kooni. Kiu inayomsumbua ni ya mdomo: lowesheni midomo kila nusu saa, pakeni mafuta. Dawa za presha na vitamini daktari atazisitisha. Morfini haisitishwi, asiyemeza huelekezewa dozi ndogo ya kudondoshwa ndani ya shavu.

Semeni naye kama anayesikia. Mabishano ya gari la maiti yahamie uani. Mwislamu aelekezwe kibla na mtu wa karibu amtamkishe shahada taratibu bila kumsonga. Mkatoliki aitiwe padri mapema kwa mpako wa wagonjwa, siyo saa ya mwisho wakati padri yuko kigango cha mbali. Wageni wapange foleni nje, wawiliwawili, dakika chache. Mhudumu mmoja awe mlangoni kwa kazi hiyo, maana familia haiwezi kumwambia mkwe "subiri".

Baada ya hapo

Kifo cha nyumbani kinaripotiwa kwa mtendaji wa kijiji au kata kabla ya mazishi, na kusajiliwa ndani ya siku 30 ili cheti kipatikane bila usumbufu. Kenya mnaanzia kwa naibu wa chifu. Kikao cha ukoo kitakachomteua msimamizi wa mirathi kiandikwe muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo itauomba.

Morfini iliyobaki ipimwe mbele ya mtu wa familia, iandikwe kwenye daftari na irudishwe hospitalini na watu wawili. Isimwagwe chooni kimyakimya wala kuwekwa "akiba" ya mgonjwa mwingine. Godoro lioshwe na kuanikwa, beseni zichemshwe, begi lijazwe.

Aliyeuguza atembelewe wiki ya pili, baada ya watu wa matanga kuondoka, tena baada ya arobaini, na tena mwezi wa tatu. Angalieni kama analala, anakula, kama wifi hawajamtoa nyumbani, kama binti amerudi shule. Mjane anayetishwa apelekwe kwa msaidizi wa kisheria siku hiyohiyo, na muhtasari wa kikao cha ukoo mkononi. Wahudumu nao wakutane na muuguzi ndani ya wiki mbili, daftari la mgonjwa likiwa mezani, waulizane siku gani maumivu yalipita vidole vitatu na kwa nini simu ilichelewa, kabla hawajapewa mgonjwa mwingine.